Uzi Mkononi, Mnyororo Mlangoni

Ijumaa, 1 Machi 2002

Binti yangu Ilina amenitumia daftari hili kutoka Uhispania, na kikaratasi ndani: "Mama, andika humu, uache kunisimulia kila kitu kwenye simu." Mtoto mwenye adabu huyo! Haya, daftari, tujuane. Naitwa Velichka, nina miaka hamsini na minne. Nimeshona kwenye kiwanda cha makoti cha mji huu kwa miaka thelathini na mmoja, mashine ya ovaloki inayofunga kingo za kitambaa, na nimebakiza miezi minane nistaafu.

Leo ni siku ya Bibi Marta, yule bibi kizee wa mwezi wa tatu ambaye akicheka jua linatoka na akinuna theluji inarudi. Kama kila mwaka, Nedialka, anayekaa mashine ya kushoto kwangu, alikuja na mfuko wa nyuzi alizosokota mwenyewe, nyekundu na nyeupe, akatufunga sote mkononi. "Uwe na afya," anamwambia kila mtu, kisha anakaza fundo. Langu hulikaza kupita ya wote.

"We Nedialka, unataka kunikata mkono?"

"Nataka usiudondoshe."

Uzi hukaa mpaka umwone korongo wa kwanza au mti uliochanua. Hapo unauvua, unaufunga kwenye tawi, na baridi imekwisha.

Rumyana, msichana wa pasi, amerudi kazini leo, mkono wa kulia bado una bandeji. Wiki tatu zilizopita manyoya ya kitambaa yalishika moto pale kwenye meza yake. Tulikimbilia mlango wa nyuma tukakuta mnyororo na kufuli. Bwana Lyutskanov, mwenye kiwanda, aliufunga tangu Oktoba, eti tunatoka kuvuta sigara. Tuliuzima moto kwa ndoo za maji ya kupigia deki na kwa makoti ya wateja. Tuko wanawake themanini na sita na mlango mmoja wa mbele. Mnyororo bado upo. Nashukuru tuko hai, ila kila nikiinua kichwa nauona.

Jumamosi, 2 Machi

Bibi Marta amenuna. Uzi wa mashine umekatika mara tisa.

Jumanne, 5 Machi

Rumyana alinishika chumba cha kubadilishia nguo. "Shangazi Velichka, tunataka kuanzisha chama cha wafanyakazi. Cha kweli. Kwanza mlango, halafu mengine. Lakini hakuna anayejua kuandika muhtasari. Wanasema wewe unajua."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Mwanangu, chama nimekuwa nacho miaka kumi na minne. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati! Nilibandika stempu kwenye vitabu vya wanachama, nikagawa vocha za likizo ya baharini, na Mei Mosi nikapanga watu mistari minne wapeperushe vibendera. Wewe ulikuwa bado unanyonya."

"Na mkurugenzi akikosea, chama kilifanya nini?"

"Kilimpa maua siku ya kuzaliwa."

Yeye hakucheka. Aliutazama mkono wake wa bandeji akaondoka. Nikabaki nimeshika kiatu kimoja, nimejiona mpumbavu. Miezi minane, Velichka. Kaa kimya miezi minane tu.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Lyutskanov alipita mashine hadi mashine na ndoo ya maua mekundu, kila mwanamke ua moja, kama alivyofanya enzi zile alipokuwa mkurugenzi wa serikali. Zamani tulimwita Ndugu Lyutskanov. Kisha serikali ikauza kiwanda, akakinunua yeye, na siku hizi ni Bwana. Maua ni yale yale.

Alipofika kwa Nedialka alisema, "Kwa mikono ya dhahabu." Nedialka akasema asante, akainuka, akatembea polepole hadi mlango wa nyuma, akalichomeka ua kwenye mnyororo. Akarudi akaketi, akaendelea na mfuko wa koti aliokuwa anaushona.

Lyutskanov alitabasamu kwa meno tu. Saa sita mchana kulikuwa na maua ishirini na mawili kwenye mnyororo ule, na sijui ni nani na nani waliyaweka. Langu nilikuja nalo nyumbani. Mume wangu Spas amelitia kwenye chupa ya maji, akasema linapendeza. Siwezi kulitazama.

Jumamosi, 9 Machi

Maua yameondolewa. Kufuli limebadilishwa, hili jipya ni kubwa zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Theluji tena. Niliitwa ofisini.

Lyutskanov alinikaribisha kahawa kwa mkono wake. Alinikumbusha tulivyojenga kiwanda, tulivyokuwa vijana. Kisha akasogeza karatasi, imeshapigwa chapa, imebaki saini tu. Inasema kwamba mimi, mfanyakazi wa miaka mingi, nathibitisha Nedialka aliacha mashine yake bila ruhusa na kuwachochea wenzake. Ana maonyo mawili tayari. Hili la tatu linamfukuza.

"Wewe unaaminika, Velichka. Na unazijua karatasi hizi. Si mara ya kwanza."

Si mara ya kwanza, kweli.

Niandike, maana sijawahi kuandika popote wala kumwambia mtu, hata Spas. Mwaka 1987 alikuja mgeni mkubwa kutoka mji mkuu, Sofia, na Nedialka akasimama mbele yake akasema hewa ya chumba cha rangi inawaua watu. Wiki ile ile ikaja karatasi ya kumfukuza. Sheria ilitaka chama kikubali. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mimi. Niliandika kwa mkono wangu: "Kamati ya chama haina pingamizi." Nikasaini. Nedialka akaenda kulisha nguruwe shamba la ushirika miaka mitatu, hadi utawala ulipobadilika akarudi, akapewa mashine ya kushoto kwangu. Tumekaa bega kwa bega tangu hapo. Mwaka niliofanyiwa upasuaji wa nyongo, alimaliza kazi yake kisha akamaliza na yangu, wiki sita.

"Umebakiza miezi mingapi?" Lyutskanov aliuliza.

"Minane."

"Miezi minane ni mirefu sana," akasema. "Fikiria hadi Ijumaa."

Jumatano, 13 Machi

Spas kapika supu ya maharage. Sikuhisi ladha yake. Nashukuru hakuuliza.

Alhamisi, 14 Machi

Mchana huwa tunakula juu ya maboksi ya vifungo, mimi na Nedialka, kwa sababu pale bomba la joto linapita. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, yote yakapotea.

"Nedialka, nina jambo la mwaka themanini na saba."

"Ngoja nimalize yai."

Akalimaliza. Akakunja ganda kwenye gazeti, akapangusa mikono. "Haya."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya karatasi ile, yale maneno matano, saini. Sikujitetea. Nilipomaliza nilitazama viatu vyangu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Walinionyesha ile karatasi siku ile ile. V yako ina mkia, unashuka chini unazunguka mpaka kwenye tarehe. Nani mwingine anasaini hivyo? Utadhani mapambo ya keki."

"Umejua miaka kumi na mitano?"

"Kumi na mitano."

"Na kila mwaka unanifunga uzi? Unanitakia afya?"

"Nikufunge nini sasa, kamba? Nilikuchukia miaka mitatu hivi, Velichka. Kule kwa nguruwe nilikuwa na nafasi. Nikarudi hapa, nikaona kukuchukia ni kazi ya ziada, na mtu halipwi."

Nikalia. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu, na wasichana wa vifungo wakajifanya wanahesabu. "Mbona hukuniambia hata siku moja?"

"Lilikuwa jambo lako. Nilikuwa nangoja ulitoe."

Nikamweleza na ile karatasi mpya iliyoko mezani ofisini. Aliogopa, niliona. Mumewe ni mgonjwa, mshahara unaoingia nyumbani kwake ni huo mmoja.

"Na hii utaisaini?"

"Hapana."

"Basi kula, mkate wako unakauka."

Namshukuru mwanamke yule kuliko ninavyoweza kuandika.

Ijumaa, 15 Machi

Nilisema hapana. Lyutskanov alicheka kwa mshangao. "Chama kimekuingia kichwani? Wewe? Wewe uliyekuwa unagawa vocha za baharini?"

"Ndiyo maana. Nimekiona kikilala miaka kumi na minne. Nataka nikione kikiamka kabla sijastaafu."

Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Saa nne nikahamishiwa ghalani chini, kuchambua vifungo vya zamani kwa rangi. Hakuna joto kule. Spas amenipa soksi zake za sufu, zile nzuri, na hajasema neno ila "vaa mbili".

Jumapili, 17 Machi

Jikoni kwa Nedialka. Tulikuwa kumi na mmoja, na banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, iliyotosha watu ishirini. Mumewe alilala chumba cha pili, mlango wazi, ili asikie. Rumyana amesoma sheria hadi ameikariri. Mwenyekiti wa chama hafukuzwi mpaka chama chenyewe kikubali kwa maandishi. Basi tumemchagua Nedialka mwenyekiti. Mimi ni katibu. Nilifungua karatasi nikaandika "Muhtasari" na mkono ulijua njia wenyewe.

Lakini kumi na mmoja ni wachache. Lyutskanov atatupepeta kabla ya Pasaka. Tumekubaliana kutopeleka barua mpaka tuvuke nusu ya kiwanda, wanawake arobaini na wanne. Na tutajuanaje bila orodha ya kuibiwa? Ni Nedialka aliyelipata jibu. "Sasa hivi mji mzima umevaa uzi. Korongo wakija, kila mtu atavua. Aliye pamoja nasi asivue. Nani atamkataza mwanamke kuvaa uzi?"

Tulicheka kama wasichana. Kila mmoja apeleke neno kwa wawili anaowaamini.

Jumatano, 20 Machi

Vifungo vya kahawia. Vifungo vya kahawia. Vifungo vya kahawia kidogo.

Jumatatu, 25 Machi

Bibi Marta amecheka asubuhi, amelia mchana. Rumyana alinishushia chai ghalani, ananong'ona kwamba tumefika thelathini na watano. Inasemekana Lyutskanov anatafuta mtu mwingine wa kusaini dhidi ya Nedialka. Bado hajampata.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Kikohozi. Nashukuru kwa soksi.

Jumapili, 31 Machi

Siku nzuri ajabu! Tulikwenda na Spas kupogoa mizabibu, jua limejaa bondeni, na alipoinua mkono kujikuna akapiga kelele, "Velichka, juu!" Korongo, peke yake, chini chini, miguu imenyooka nyuma. Nimemwona akiruka, si akiwa amesimama, maana yake mwaka wa wepesi. Mlozi wa jirani umechanua wote. Nilicheka, nikafungua uzi wangu kwa meno, fundo la Nedialka lilikuwa gumu kama kawaida, nikaufunga kwenye tawi na kuomba afya ya Ilina. Spas alinibusu shavuni mbele ya majirani. Tulikula mkate na vitunguu vibichi. Sijapata kuwa na raha hivi tangu Krismasi.

Jumatatu, 1 Aprili

Mungu wangu, mimi ni mjinga.

Asubuhi hakuna aliyenisalimu. Nikadhani ni mzaha wa Aprili Mosi. Rumyana alinipita kwenye ngazi kana kwamba mimi ni ukuta. Saa tatu Lyutskanov mwenyewe alishuka ghalani, hajawahi kushuka, akanipiga bega. "Nilijua una akili. Kesho utarudi kwenye mashine yako, kule kuna joto." Kuna mdomo uliompelekea siri ya uzi, na macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu. Ndipo na mimi nikautazama.

Mweupe. Mtupu. Alama ya fundo tu.

Miaka hamsini nimefanya hivyo hivyo! Mama alinifundisha nikiwa na miaka minne: ukimwona korongo, vua. Mkono haukuuliza kichwa. Mimi mwenyewe niliandika kwenye muhtasari "asiyevua yumo", kisha nikavua na kuchekelea.

Nilipanda juu mbio. "Nedialka, nilisahau. Korongo—"

Alinitazama mkono mtupu. "Watatu wamekata zao asubuhi hii, walipokuona unaingia," akasema. "Walisema kama katibu amesaini, wao ni nani."

"Unadhani nimesaini?"

Hakujibu haraka. Hilo ndilo lililoniumiza, na nilistahili. Mwishowe akasema, "Nadhani wewe ni ng'ombe. Lakini wao hawakujui kama ninavyokujua mimi."

Baada ya kazi nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlozi. Kuondoa uzi uliokwisha kufungwa mtini ni mkosi, kila mtu anajua, na nyanya wa jirani alinipigia kelele dirishani kwamba nitajiletea ugonjwa. Nikamwambia ugonjwa ninao tayari, ni wa kichwa. Uzi ulikuwa umelowa, ua moja la mlozi limenasa kwenye fundo. Spas alicheka mpaka akashika ubavu, kisha alipoona nalia akaacha.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimefanya jambo nililoliogopa maisha yangu yote.

Wakati wa mapumziko nilipanda juu ya kiti katikati ya ukumbi. Wanawake themanini na kitu, kelele zikafa. Nikainua uzi.

"Niliuvua Jumapili kwa sababu nilimwona korongo na akili ikaniruka. Sikusaini chochote. Lakini mna haki ya kuniogopa, kwa sababu mwaka themanini na saba nilisaini. Nedialka alifukuzwa hapa kwa saini yangu. Niliandika kamati haina pingamizi, na pingamizi nilikuwa nalo, nilikuwa nalo hapa kooni, nikalimeza."

Msimamizi alikuwa ameshatoka mbio kumwita Lyutskanov. Sauti moja nyuma ikasema, "Kumbe ni wewe!" Nyingine ikasema, "Nyamaza, mwache amalize." Sikuwa na la kumaliza. Nilisimama tu na uzi wangu uliochakaa.

Nedialka akaja. Akasema kwa sauti ya wote, "Shuka, utavunjika mguu, na ghalani hakuna wa kukubeba." Nikashuka. Akachukua ule uzi, akaufunga mkononi mwangu, na safari hii hakukaza. "Mimi nilimsamehe zamani," akawaambia. "Nyie mna shida gani?"

Mmoja wa wale watatu alifungua mkoba, akatoa vipande vya uzi wake, akaviunga fundo. Kisha mwingine. Kisha nikaanza kuona mikono ambayo sikuitegemea, wa kukata nguo, wa vifungo, hata mama wa jikoni, wote wanakunja mikono ya sweta. Lyutskanov alipofika mlangoni tulikuwa tumerudi kwenye mashine, na kila mkono wenye uzi ulikuwa wazi hadi kiwiko. Rumyana alihesabu. Hamsini na mmoja.

Asanteni. Sijui nimwambie nani, basi naliambia daftari. Asanteni.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumepeleka barua, majina yote, na nakala kwa mkaguzi wa kazi wa mkoa. Lyutskanov alitia saini ya kuipokea. Alisema, "Velichka, Velichka." Nikasema, "Katibu."

Jumatano, 10 Aprili

Ahadi ya mashine imefutwa, bado niko ghalani. Vifungo vyeupe. Wanachama hamsini na wanane.

Ijumaa, 12 Aprili

Mkaguzi alikuja, bwana mwembamba mwenye mafua. Alitembea hadi mlango wa nyuma, akaugusa mnyororo kwa kidole kimoja, akauliza ufunguo uko wapi. Ufunguo haukupatikana. Fundi alileta mkasi wa chuma, akakata.

Mlango ulilia ulipofunguka. Nje kuna ua mdogo wenye magogo na mcheri mmoja ambao tulikuwa tumeusahau, na umechanua! Tulitoka sote kwa mlango ule, polepole, hata wasio wanachama. Hakuna aliyevuta sigara. Tulifunga nyuzi zetu hapo hadi matawi ya chini hayakuonekana. Rumyana alinyoosha mkono wake wenye kovu, tukamsaidia kufunga. Mimi nilifunga wangu wa mwisho, nikachungulia kwanza kama kila mtu amevua. Wakanicheka sana, na wana haki.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimerudi kwenye mashine yangu. Upepo unaingia kwa mlango wa nyuma. Nimekula yai na Nedialka.

Jumatano, 17 Aprili

Lyutskanov hajakoma. Leo ameleta karatasi kwa kamati, kama sheria inavyomtaka. Anaomba kumfukuza Nedialka kwa sababu ya lile ua la tarehe nane Machi, na anauliza kama chama kinakubali. Maneno yamepangwa vile vile kama ya mwaka themanini na saba. Nadhani hata mashine ya chapa ni ile ile. Chini kuna nafasi ya jibu.

Kamati ilikaa juu ya maboksi ya vifungo. Kura ilichukua muda mfupi kuliko kumenya yai. Rumyana akanipa kalamu.

Niliandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka hata bila miwani: "Kamati ya chama ina pingamizi." Nikaanza kusaini harakaharaka, kwa aibu.

Nedialka alikuwa amesimama nyuma yangu, kidevu chake karibu na bega langu.

"Taratibu," akasema. "Nataka kuuona ule mkia."

Nikauchora mrefu, nikauzungusha chini, mpaka kwenye tarehe.